Pakeji Ikigoma Kwenye Kompyuta ya ARM: Njia ya Kufuata Hatua kwa Hatua

Umenunua Raspberry Pi 5, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, umeivusha kwa boti kutoka Unguja hadi Mkoani, umeiweka ofisini Chake Chake. Linux inawaka, kivinjari kinafunguka, LibreOffice inaandika vizuri. Kisha unataka pakeji (programu iliyofungwa tayari kuwekwa) uliyoizoea kwenye laptopu yako ya zamani. Unaandika amri ile ile, na skrini inajaa maandishi mekundu.

Hapo wengi hufuta kadi na kuweka mfumo upya. Nawasihi msifanye hivyo. Kufuta hakubadilishi prosesa, na bando la kupakua kila kitu tena linatoka mfukoni mwenu. Kabla ya kugusa chochote, jua tatizo lako ni la namna gani, maana kwenye prosesa mpya matatizo ni ya namna nne tu: pakeji ya prosesa yako haijatengenezwa; imetengenezwa lakini unaletewa ya prosesa nyingine; inabidi uikompaili mwenyewe, yaani ugeuze msimbo chanzo kuwa lugha ya mashine, na kompaila, programu ifanyayo kazi hiyo, inakwama; au imekubali, inafanya kazi, lakini majibu yake si sahihi. Dawa ya moja haitibu nyingine.

Chanzo cha yote ni kimoja. Laptopu nyingi tulizozizoea zina prosesa za Intel au AMD, zinazoelewa lugha ya mashine iitwayo x86-64. Raspberry Pi, simu karibu zote na Mac zilizotoka tangu mwisho wa 2020 zinatumia ARM. Programu iliyokwisha kukompailiwa kwa ajili ya x86-64 haiwezi kuendeshwa moja kwa moja na ARM. Uzuri wa programu huria ni kwamba msimbo chanzo upo wazi, kwa hiyo mlango haujafungwa kabisa. Mfano nitakaoutumia ni GDAL, maktaba ya kusoma picha za angani na ramani, kwa sababu wanaojifunza ramani hapa visiwani huihitaji mapema. Tangu Zanzibar Mapping Initiative ilipoanza kupiga picha za Unguja na Pemba kwa droni mwaka 2016, vijana wengi wanataka kuzisoma wenyewe, wahesabu mikoko au wafuate jinsi pwani inavyoliwa.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Fungua terminali, andika amri hizi moja moja:

uname -m
dpkg --print-architecture
getconf LONG_BIT
getconf PAGESIZE

Ya kwanza inaitaja keneli, kiini cha mfumo. Ukiona x86_64 hiyo ni Intel au AMD. Aarch64 ni ARM ya biti 64. Armv7l ni ARM ya biti 32. Riscv64 ni RISC-V, aina nyingine ya prosesa, ambayo Debian (Linux ambayo Raspberry Pi OS imejengwa juu yake) ilianza kuitegemeza rasmi kwenye toleo la 13 mwaka 2025.

Ya pili ndiyo muhimu zaidi, na ndiyo watu wanayoiruka. Inakwambia pakeji zako ni za aina gani. Kwenye Raspberry Pi inawezekana kabisa uname -m ikajibu aarch64 na dpkg ikajibu armhf. Maana yake keneli ni ya biti 64 lakini mfumo wote uliobaki ni wa biti 32, na LONG_BIT itakujibu 32. Mashine ya namna hii inapotosha, kwa sababu baadhi ya programu za usakinishaji hutazama uname peke yake, hukuletea faili la arm64, kisha unaambiwa:

No such file or directory

Na faili lipo, unaliona kwa macho! Kinachokosekana si faili lenyewe bali kipakizi cha biti 64 kinachotakiwa kuliamsha. Ikiwa mashine yako iko hivyo na bado hujaweka kazi ndani yake, hapa peke yake ndipo nakubali kufuta kadi: weka mfumo wa biti 64 mara moja upumzike. Pakeji za arm64 ni nyingi kuliko za armhf, na watengenezaji wanazidi kuziacha za biti 32.

Amri ya nne nitairudia mbele. Kwa sasa iandike tu: 4096 au 16384.

Hatua ya 2: Itazame saa

Hatua hii haimo kwenye miongozo mingi, lakini kwetu ni lazima. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa gridi kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Wesha, na hali si ile ya majenereta, lakini umeme bado hukatika. Raspberry Pi ya 4 na za kabla yake hazina saa ya betri. Ya 5 inayo, ila betri yake unainunua na kuichomeka mwenyewe. Umeme ukikatika na mashine ikawaka bila intaneti, saa inaanzia pale ilipoachwa. Matokeo yake apt, programu ya kuleta pakeji za mfumo, inakataa kwa maneno kama haya:

Release file is not valid yet

Au pip, programu ya kuleta pakeji za Python, inalalamika kuhusu cheti cha usalama. Au make, inayoongoza ukompaili, inaandika Clock skew detected na huenda kazi ikabaki nusu. Mtu anayejua kwamba ana prosesa mpya atailaumu prosesa. Andika date kwanza. Saa ikiwa imekosea, unganisha intaneti usubiri ijirekebishe, au uiweke kwa mkono:

sudo date -s "2026-03-14 09:30"

Tarehe na saa ziwe za wakati huo ulipo.

Hatua ya 3: Tafuta iliyo tayari kabla ya kufikiria kukompaili

Anza na apt. Debian imetegemeza arm64 rasmi tangu toleo la 8 la mwaka 2015, kwa hiyo pakeji nyingi unazozihitaji zimekwisha kukompailiwa na kupimwa.

sudo apt update
apt-cache policy python3-gdal

Ukiona Candidate na namba ya toleo, pakeji ipo. Ukiambiwa Unable to locate package, usikate tamaa, angalia mambo mawili. Kwanza, orodha yako ya hazina (seva zinazohifadhi pakeji) imetoka wapi? Kama umeinakili kutoka laptopu ya Intel yenye Ubuntu, huenda ndiyo tatizo: pakeji za Ubuntu za arm64 kwa miaka mingi zimekaa ports.ubuntu.com, hali zile za Intel zinakaa archive.ubuntu.com. Ukielekeza mashine ya ARM kwenye hazina isiyo na pakeji zake utapata 404 Not Found, na kosa halihusiani na mtandao wako. Pili, soma alichosema apt update mpaka mstari wa mwisho. Ukikuta maneno doesn't support architecture 'arm64', hazina hiyo ya nje haina chochote cha kukupa. Iondoe, usihangaike nayo.

Kabla ya kukubali kupakua, apt hukuonesha ukubwa. Usome. Ukiongeza -s kwenye apt install, mashine inakuonesha itakachofanya bila kupakua kitu. Kwa anayenunua bando la siku, hiyo ni amri ya kuizoea.

Ukipakua faili lililo tayari kutoka tovuti ya mradi, liulize kabla ya kuliendesha:

file ./jina-la-faili

Jibu likiwa na x86-64, umechukua lisilo lako. Ukililazimisha utapata Exec format error, na chmod haitasaidia hata ukiirudia kutwa. Rudi kwenye ukurasa wa kupakulia utafute lenye arm64 au aarch64, ni majina mawili ya kitu kimoja. Ukitumia kontena za Docker, kosa hilo hilo huja kwa sura ya no matching manifest for linux/arm64/v8: picha haikutengenezwa kwa prosesa yako.

Ipo njia ya kuendesha faili la Intel juu ya ARM kwa kuigiza, kwa kutumia qemu-user-static. Inafanya kazi, lakini polepole mno. Naikubali kwa programu ndogo ya mara moja, si kwa kazi ya kila siku.

Hatua ya 4: Python na pip

Kwenye Debian 12 na kuendelea, ukiandika pip install moja kwa moja utakatazwa kwa maneno externally-managed-environment. Hilo si tatizo la ARM. Tengeneza mazingira yako:

python3 -m venv --system-site-packages ~/ramani
source ~/ramani/bin/activate

Kile kipande cha --system-site-packages nakipenda sana kwenye mashine ndogo. Kinaruhusu mazingira yako kutumia pakeji zilizowekwa na apt. Maana yake GDAL na NumPy unazichukua kwa apt zikiwa tayari, na kwa pip unaleta vile vidogo vilivyobaki. Kwa GDAL, hii ndiyo njia ninayomshauri kila mtu:

sudo apt install gdal-bin python3-gdal

Ukiandika "import osgeo" ndani ya Python na ikakaa kimya, kazi imekwisha. Ruka hatua inayofuata.

Kwa pakeji nyingine, pip hutafuta faili lenye mwisho .whl linalolingana na mashine yako. Jina la faili linasema kila kitu: cp311 ni Python 3.11, na manylinux2014_aarch64 ni Linux ya ARM ya biti 64. Kuona majina ambayo mashine yako inayakubali:

pip debug --verbose

Kujua kama lipo lililo tayari, bila hatari ya pip kuanza kukompaili kimyakimya:

pip download --only-binary=:all: jina-la-pakeji

Ikijibu No matching distribution found, nenda kwenye ukurasa wa mafaili wa pakeji hiyo huko PyPI, hazina ya pakeji za Python, ulinganishe. Mara nyingi utagundua aarch64 ipo, ila si kwa Python yako. Una 3.13, wao wameishia 3.12. Hapo prosesa haina lawama. Chukua toleo jingine la pakeji au la Python. Na kama pip yako ni ya zamani kuliko 19.3, haijui hata jina manylinux2014, kwa hiyo iboreshe kwanza.

Hatua ya 5: Kukompaili, na kusoma kosa la kwanza

Sasa ndipo penye kazi. Weka vifaa:

sudo apt install build-essential python3-dev pkg-config cmake ccache tmux

Ingia tmux kabla ya kuanza, ili dirisha likifungwa au mtandao ukikatika kazi iendelee. Umeme ukikatika tmux haitakuokoa, lakini ccache itakuokoa: vipande vilivyokwisha kukompailiwa inavihifadhi, na ukianza tena inavirudisha haraka. Iwashe hivi:

export PATH=/usr/lib/ccache:$PATH

Kisha kila amri ndefu iandikie kumbukumbu:

LC_ALL=C pip install GDAL 2>&1 | tee logi.txt

Watu husoma mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho wa pip husema subprocess-exited-with-error au metadata-generation-failed, na hayo maneno hayakuambii lolote zaidi ya kwamba kuna kitu kimekwama. Kosa lenye maana ni la kwanza, mara nyingi mistari mingi juu yake:

grep -n -i -m5 -E "error|not found|no such file" logi.txt

Kwa GDAL mara nyingi utakuta gdal-config haipatikani. Kinachokosekana ni pakeji ya watengenezaji, libgdal-dev. Iweke, na uifunge GDAL ya Python kwenye namba ile ile ya maktaba, la sivyo itakataa tena kwa kosa jingine la kutatanisha:

sudo apt install libgdal-dev
pip install "GDAL==$(gdal-config --version)"

Ukiona fatal error likifuatiwa na faili lenye mwisho .h, jiulize: je, hili ni faili la maktaba au ni faili la prosesa? Python.h linatoka python3-dev. Mengine yatafute kwa apt-file search. Lakini immintrin.h, emmintrin.h au xmmintrin.h hutayapata kwenye ARM hata ukitafuta mwezi mzima. Hayo ni maagizo ya pekee ya Intel. Vivyo hivyo ukiambiwa unrecognized command-line option '-msse4.2', au -mavx2, au -m64. Mwandishi alidhani kila mtu ana Intel. Pekua msimbo:

grep -rn -E "mmintrin|-msse|-mavx|-m64" .

Kisha uliza mradi kama una swichi ya kuzima: kwenye ./configure --help tafuta simd, sse au asm. Kwenye CMake tumia cmake -LH. Miradi mizuri huwa na njia ya kawaida isiyotegemea prosesa, yenye mwendo mdogo zaidi lakini majibu sahihi. Isipokuwepo, kuna maktaba huria mbili, sse2neon na SIMDe, zinazogeuza maagizo hayo ya Intel kuwa ya ARM. Wakati mwingine kubadilisha mstari mmoja wa #include kunatosha.

Pakeji za zamani zinazotumia ./configure hukwama mapema zaidi, kwa cannot guess build type au machine not recognized. Mradi uliandikwa kabla ya aarch64 kujulikana, na mafaili yake mawili ya kutambua mashine yamezeeka. Yabadilishe kwa mapya:

sudo apt install autotools-dev
cp /usr/share/misc/config.guess /usr/share/misc/config.sub .

Endesha ./configure tena. Dawa hii rahisi imefufua programu nyingi nzuri ambazo wenyewe wamekwisha kuziacha.

Kosa la undefined reference linalotaja __atomic hutokea zaidi kwenye RISC-V na ARM za biti 32. Ongeza LIBS=-latomic mbele ya ./configure.

Halafu kuna kosa ambalo si la msimbo kabisa:

fatal error: Killed signal terminated program cc1plus

Kumbukumbu ya mashine imejaa na keneli imeiua kompaila. Hakikisha kwa free -h. Dawa ya kwanza ni kupunguza kazi za pamoja: make -j1 badala ya -j4, au export MAKEFLAGS=-j1 kabla ya pip. Isipotosha, ongeza swapu ya muda (nafasi ya diski inayosaidia kumbukumbu), na ukiweza iweke kwenye diski ya nje, maana kadi ya SD inachakaa kwa kuandikwa sana:

sudo fallocate -l 2G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Na ile namba uliyoiandika mwanzo? Raspberry Pi OS kwenye Pi 5 hutumia kurasa za kumbukumbu za baiti 16384 badala ya 4096 za kawaida. Programu chache, khasa zilizokompailiwa na jemalloc kwenye mashine ya kurasa ndogo, hukataa kuamka kwa Unsupported system page size. Ongeza mstari huu kwenye /boot/firmware/config.txt kisha uwashe upya:

kernel=kernel8.img

Kurasa zitarudi 4096.

Hatua ya 6: Usiiamini mpaka uipime

Hapa ndipo ninapoomba subira kuliko kote. Pakeji kukubali kuwekwa si sawa na kutoa majibu sahihi. Tazama msimbo huu wa C:

char c;
while ((c = getchar()) != EOF) putchar(c);

Kwenye Intel unafika mwisho wa faili na kusimama. Kwenye Linux ya ARM haumaliziki, unazunguka milele. Sababu ni kwamba aina ya char kwenye Intel inabeba namba hasi, na kwenye Linux ya ARM haibebi. EOF ni -1, na c haiwezi kuwa -1. Kompaila yenyewe haisemi kitu usipoiomba maonyo. Kosa la namna hii likiwa ndani ya programu ya ramani au ya hesabu za skuli, halitasimamisha kazi, litaharibu namba tu. Ukishuku, kompaili tena kwa CFLAGS="-fsigned-char"; mambo yakinyooka, umeshapata chanzo, na dawa ya kudumu ni kuandika int c.

Kwa hiyo endesha majaribio ya mradi wenyewe, kwa make check, ctest au pytest kutegemea pakeji. Kisha chukua faili moja ambalo majibu yake unayo kutoka mashine ya Intel, lipitishe kwenye ARM, ulinganishe. Tofauti ndogo kwenye tarakimu za mwisho za desimali ni za kawaida. Tofauti kwenye tarakimu za mwanzo si za kawaida, na usizitumie namba hizo.

Hatua ya 7: Toa taarifa, kisha gawa

Ukigundua kosa la kweli, wapelekee wenye mradi. Wengi wao hawana mashine ya ARM mezani na taarifa yako ina thamani kubwa kwao. Andika matokeo ya zile amri nne za hatua ya 1, toleo la gcc, amri uliyoiandika na mistari michache kuanzia kosa la kwanza. Kabla ya hapo tazama buildd.debian.org, kwa sababu pakeji ikishindwa kukompailiwa kwenye arm64 au riscv64, Debian huandika kumbukumbu yake hadharani, na mara nyingi kiraka kimeshatengenezwa.

Na kama saa nzima imepita mashine ikikompaili, matokeo yasifie Chake. Yahifadhi:

pip wheel jina-la-pakeji -w ~/magurudumu

Nakili folda hiyo kwenye flashi. Aliyeko Wete au Mkoani, mwenye mashine ya aina hiyo hiyo, ataweka bila bando hata kidogo:

pip install --no-index --find-links=/media/flashi/magurudumu jina-la-pakeji

Weka ndani ya folda faili dogo la maandishi lenye toleo la Python, toleo la Debian, jibu la dpkg --print-architecture, na orodha ya pakeji za apt zinazotakiwa kuwepo kwanza, mfano libgdal-dev. Hizo za apt nazo utazikuta /var/cache/apt/archives ikiwa uliziweka kwa apt-get na hujaisafisha; apt yenyewe kwa kawaida huyafuta mafaili ikimaliza kuyaweka. Zitie kwenye flashi hiyo hiyo, na huko zitawekwa kwa sudo apt install ./*.deb.